Mtani Ana Haki, Baba Hana

Mwaka wa sabini na nne, mwaka wa njaa, nilikuwa na miaka kumi. Baba akafa, nikatolewa darasa la tatu, nikaenda kuchunga ng'ombe wa watu kule Ziba. Shule yangu iliishia hapo. Mengine nimeyapata kwa mikono hii, kwa hiyo nikikasirika nisiambiwe mzee tulia.

Mwaka jana mjukuu wangu wa kike alichaguliwa timu ya taifa ya vijana ya mpira wa magongo. Yeye ni golikipa. Wakaenda nje kucheza na wasichana wa mataifa mengine. Hapa Tabora amejifunzia kwenye vumbi la uwanja wa shule, mpira unarukaruka kama panzi. Kule wakakuta zulia la plastiki limemwagiwa maji, mpira unakuja kama risasi. Mechi ya kwanza tu, wakafungwa mabao kumi na mawili. Mtu akapiga video, binti amelala chini, mpira unampita. Kabla hajarudi, mtaa wetu mzima wa Mtendeni ulishaiona.

Aliporudi akajifungia chumbani. Kocha akapiga simu: kambi inaanza tena Jumatatu, anamtaka. Binti hakujibu.

Akaja jirani yetu Mgogo, fundi baiskeli. Huyo ni mtani. Babu zetu Wanyamwezi walipita kwao na mizigo wakienda pwani, na utani ukabaki. Akalala katikati ya ua wangu, amejifunika shuka, akalia kwamba yeye ni wavu wa Wanyamwezi, amekufa kwa matundu, azikwe haraka na pesa ya ubani apewe mkononi. Sikukasirika. Mtani ana haki, na anakutukana usoni.

Lakini mwanangu, baba yake binti, alikuwa barazani. Alicheka kuliko mtani mwenyewe. Kisha akasema kwa sauti, ili binti asikie, "Amenitia aibu mjini. Magongo basi."

Damu ikanichemka. Amekuwa mtani wa mwanawe tangu lini? Mimi babu ningemtania, ni haki yangu. Baba kazi yake ni kufunga mdomo, hasa baba ambaye hajawahi kukanyaga uwanjani kumwangalia.

Mlango ukafunguka. Binti alikuwa na macho mekundu. Hakumtazama baba yake. Akamwendea Mgogo.

"Shikamoo babu. Hebu inuka. Sijaona maiti inayodai ubani wake yenyewe."

"Marahaba," ikajibu shuka, ikaanza kutikisika kwa kicheko.

Ndipo akanigeukia mimi. "Babu, Jumatatu nataka kwenda."

Mwanangu akasema haendi. Nikamuuliza hapo ni kwa nani.

Binti alikwenda. Baba yake akanuna wiki nzima, na mpaka leo ananiambia nilimvunjia heshima. Anune. Nyumba ya vyumba saba anayolala na mkewe ni yangu. Mashine mbili za kukoboa mpunga, zangu. Trekta moja. Shamba la mihogo njia ya Kipalapala. Pikipiki anayoendesha yeye.