Sindano Iliyogoma Barazani

Mafuta ya cherehani yana harufu nyepesi, inayokaribia ile ya mafuta ya taa. Barazani kwetu Newala ilichanganyika na moshi wa korosho zilizokaangwa uani. Nilikuwa darasa la tatu. Kaka yangu Saidi alikuwa kwenye likumbi, yaani kambi ya jando, na wavulana wa mtaani, na mama alikuwa akiwashonea mashati meupe ya siku ya kutoka. Mimi nilizungusha gurudumu kwa mpini wake, yeye akaongoza kitambaa. Shati la Saidi aliliweka mwisho, kwa kuwa watoto wa wenzake ndio waliotangulia.

Lilikuwa bado halina mikono wakati sindano iliposimama. Niliendelea kuzungusha. Gurudumu lilikwenda laini kuliko siku zote, lakini sindano haikupanda wala kushuka.

"Wanatoka kesho, Mama Saidi," baba alisema. "Nikiipeleka Masasi kwa fundi, sitawahi kurudi."

"Basi isiende. Niletee bisibisi."

Alifungua kifuniko cha mbele, akaniambia nizungushe polepole. Niliona chuma kirefu kinachotoka kwenye gurudumu kikizungusha kisahani kidogo. Pembeni mwa kisahani palikuwa na tundu tupu, na mkono mfupi wa sindano ulining'inia tu.

"Pini imechomoka," mama alisema. "Mkono huu hushikwa hapa pembeni. Kisahani kikizunguka huupandisha, kikiendelea huushusha. Sasa haushikwi na kitu."

Baba alikata kipande cha spoku ya baiskeli yake, mama akakipiga tupa na kukichomeka. Nilizungusha huku nimefumba macho. Cherehani ilipiga kelele kama debe, lakini sindano ilishuka, ikapanda. Kesho yake Saidi alitoka kwa ngoma na vigelegele, bega moja la shati limepinda, na mama alilia waziwazi mbele ya watu.

Leo nina duka la ushonaji Mkomaindo, mjini Masasi, na mashine zangu ni za umeme. Ikiharibika moja, fundi huja na kifaa kipya ndani ya boksi, akabadilisha na kuondoka. Wateja hawangoji, nami sina malalamiko. Ila kila msichana anayekuja kujifunza, mimi humfungulia kwanza kichwa cha mashine, azungushe gurudumu kwa mkono mpaka anieleze mwenyewe kwa nini sindano inapanda. Juzi mmoja aliniuliza, "Dada, si fundi yupo?"

Nilimwambia yupo, na kwamba aendelee kuzungusha.