Miche ya Akuabata

Akuabata anauza miche ya kola, zile njugu chungu za kutafuna, hapa kijijini Umuokpara tangu meno yake yote yalipokuwa kinywani. Mwanamke haruhusiwi kuukwea mti wa kola wala kupasua kola mbele ya wageni, lakini mletee jani moja tu atakwambia kama ni oji, kola ya dua yenye vipande vitatu na zaidi, au gworo. Jani la oji ni jembamba, ncha yake imepinda kama mdomo wa mtu aliyesingiziwa. La gworo ni pana, halina makuu. Si jambo dogo: gworo hupasuka vipande viwili, na kola ya vipande viwili hatuiombei dua. Hiyo ni ya kutafuna safarini.

Mwaka huu mti aliomuuzia jirani yake Mzee Ezenduka, akiapa kuwa ni oji, ulizaa mara ya kwanza. Jani lake lilikuwa pana, tena lenye ncha iliyopinda. Ezenduka akatangaza sokoni kwamba atapasua kola hadharani.

"Vikitoka viwili, Akuabata, utauza mchicha!"

"Na vikitoka vinne utanyamaza?"

"Usiniombe nisiyoyaweza."

Siku ilipofika wateja wa Akuabata walijaa uani kwa Ezenduka, kila mmoja ana mche wake shambani. Mzee akazimenya kola zote ngozi yake nyeupe, akapasua ya kwanza. Viwili.

"Hongera, Mama Gworo!" mtu akapaza sauti, vicheko vikalipuka.

Akuabata aliinama kuzikagua zilizobaki. Kola ikishamenywa mistari ya vipande vyake huonekana, basi akachagua moja. "Pasua hii."

Vinne. Iliyofuata, vitatu. Halafu viwili tena. Watu wakakosa pa kuchekea.

"Sasa huu ni mti gani, mama?" Ezenduka akauliza.

"Chotara. Mama yake ni oji wangu wa nyuma ya jiko. Baba yake," akauelekezea kidole mti mkubwa wa gworo kando ya ukuta wa mzee, "ni huyo wako. Wadudu wa maua hawajui mipaka."

Ezenduka alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe nimelea mjukuu!"

"Basi usimkate."

Mzee akaiombea dua ile ya vinne, za viwili tukazitafuna hivihivi. Kabla hatujatawanyika wanawake wawili walikuwa wameagiza miche. Akuabata akawaambia wasubiri msimu ujao: mbegu atazitoa kwenye oji wa bondeni, mbali na wanaume wa Ezenduka.