Mawe ya Kijiji cha Mwingereza na Halua ya Shangazi

Habari zimetufikia wiki hii kwamba rafiki yetu Mwingereza, fundi wa jenereta aliyefanya kazi Unguja miaka mingi, jirani yetu mtaani, kabla ya kuja hapa Maskati, amefariki kijijini kwao. Wasomaji wangu mtanisamehe: nilikaa niandike kwa huzuni, lakini kila nikimkumbuka nachangamka! Kijiji chao ni kidogo, kiko pwani, nyumba zake hazijazi hata mtaa mmoja wa hapa Matrah, naye alikisifu mpaka ukadhani dunia ilianzia pale.

Ijumaa moja, miaka mitatu nyuma, tulikwenda naye ufukwe wa Qantab kwa mashua, mimi, shangazi yangu na mjukuu wake, msichana mdogo aliyeondoka Unguja akiwa mchanga. Shangazi alikuwa na dukuduku. "Huyu mjukuu wangu nikimuuliza kwao wapi, ananikodolea macho tu," alisema. Hapo Mwingereza akatusimulia ada ya kwao. Kila mwaka wanakijiji huzunguka mpaka wa kijiji, na penye kila jiwe la mpaka mtoto hubebwa akagongeshwa makalio, asilisahau. Jiwe moja lilimezwa na bahari zamani, lakini watoto hupelekwa ufukweni wakaonyesha kidole majini: letu lilikuwa pale.

"Ala! Mnawagonga watoto wa watu?" Shangazi alimaka. "Si mngewapa halua!"

Tulicheka sana, ila yeye alishanyanyuka anaokota mawe. Akaupanga mtaa wetu wa Unguja mchangani, msikiti, kisima, nyumba yake na baraza ya marehemu mumewe, na penye kila jiwe aliposimama, msichana alitiwa kipande cha halua kinywani. Mwingereza alipiga magoti akachimba kisima kwa mikono, suruali imelowa, furaha tele. Kisha akasema kwa adabu, "Bibi, mlango wenu ulitazama kisima."

"Nnaijua nyumba yangu, mwanangu!" Shangazi akainama, akalitazama lile jiwe la mlango, akaligeuzia kisima. "Wallahi kweli. Mie mwenyewe nnaanza kusahau."

Sauti yake ilinitia hofu. Sisi tuliohamia huku tumejifariji kwamba watoto wakikua watauliza, na kazi na maisha mapya vimetushughulisha. Hatukufikiri kwamba watakapouliza, huenda hatutakuwa na la kuwajibu. Wale watu wa kijiji cha Mwingereza hawakungoja kuulizwa.

Jana tulirudi Qantab kumkumbuka Mwingereza. Msichana, sasa mrefu kama mimi, aliupanga mtaa peke yake. Shangazi akausogeza mlango. Msichana akaurudisha. "Bibi, unatazama kisima," alisema, akamtia halua kinywani. Kisha akachukua jiwe moja, akalirusha baharini, akanyoosha kidole. "Na lao lilikuwa pale."

Nilipiga makofi kama mtoto. Tuwatembezeni watoto wetu, ndugu zangu, tungali tunakumbuka, ili siku tutakaposahau wao watukumbushe njia ya nyumbani.