Supu ya Kambale wa Kijito Chetu

Tangu nirudi mjini Arua kutoka kijijini kwetu nimesugua miguu kwa sabuni, kwa limau, hata kwa majivu, na bado nikiinama kufunga viatu nausikia ule uvundo. Usicheke, rafiki yangu. Nawe ungekanyaga kijito chetu cha Ludara leo, ungetamani kuivua hiyo miguu uiache hukohuko.

Zamani kiangazi kilikuwa sherehe. Maji yakipungua, akina mama walijenga kingo mbili za udongo na nyasi, kisha wakubwa kwa watoto tukayachota maji ya katikati kwa mabeseni na vibuyu mpaka likabaki tope tupu. Hapo mama zetu waliingia pekupeku na matenga yasiyo na kitako. Kambale haonekani topeni. Anatafutwa kwa nyayo. Mguu ukigusa kitu kinachoteleza na kujipinda, unamfunika kwa tenga na kumtoa kwa mkono. Mimi nilipiga mayowe kila nilipoguswa, na jirani yetu mmoja alinitania kwamba nitaolewa na kambale. Tope lenyewe lilinukia mvua na majani mabichi, tukajipaka mpaka usoni.

Samaki wa kwanza alikuwa wa mzazi. Kwetu, mwanamke aliyejifungua hunywa supu ya kambale wa kijito hicho, iliyoungwa kwa karanga za kusaga, ili maziwa yashuke. Bibi alimnywea baba, mama akaninywea mimi.

Kwa hiyo wifi yangu alipojifungua kiangazi hiki, mama alinipigia simu niende tukavue, maana majirani hawashuki tena kijitoni. Nikamwambia tununue samaki soko la Koboko, yaishe. Mama alikulia kambi ya jeshi, na Kiswahili chake cha kambini hakibembelezi mtu.

“Samaki ya soko iko ya kila mutu,” akasema. “Hii mutoto iko ya hapa.”

Basi tukaenda, sisi wawili. Lo! Juu kidogo vijana wanaosha malori yanayotoka mpakani Oraba, na mafuta yanateremka na maji. Huku chini watu wamegeuza ukingo kuwa jalala: chupa, matumbo ya mbuzi, na nepi za watoto zilizovimba kama mikate iliyoloweshwa. Nilikuwa nimevaa buti za mpira. Mama akazikataa, akauliza samaki nitamsikia na nini, nami nikazivua huku nikilaani moyoni. Tulichota maji mpaka mgongo ukaniuma. Kisha tope. Kila nilipokanyaga kitu kiliteleza: mfuko, nepi, mfuko tena. Nikatapika kwenye matete, nikarudi topeni.

Mama akashusha tenga, akazamisha mkono na kumtoa kambale mkubwa, mnono. Akacheka kama msichana. Mimi unono ule ndio ulionichefua, maana nilijua alichokula.

Alimpasua palepale ukingoni. Tumboni mlikuwa na kipande cha nailoni, na harufu ya dizeli ikatupanda puani. Mama akamwosha kwa maji ya dumu tuliyotoka nayo nyumbani, akanusa. Akaosha tena, akanusa. Nilijua akimtia chunguni, wifi atakunywa kwa heshima, na kichanga kitanyonya yaleyale. Mwishowe mama alichimba shimo kwa kisu, akamfukia samaki wake.

Nikafoka, nani hasa anatupa nepi hizi?

“Sisi,” akasema. “Nani ingine iko hapa?”

Tulipitia sokoni tukanunua samaki mkavu wa kutoka mbali, mama akamuunga kwa karanga. Wifi alikunywa mabakuli mawili, akafuta mdomo.

“Mama, supu ya kijito iko tamu. Asante.”

Nikamtazama mama. Alipokea bakuli, akaitikia asante ile kwa sauti ndogo, akatoka nje.

Sasa wananiambia mtoto ananyonya vizuri, ananenepa, na nyumba nzima imeridhika. Hilo linanitia kichefuchefu kuliko lile tope: kijito kimekufa, na mezani hakuna aliyetambua tofauti.