Chanjo ya kimeta niliyoieleza nusu

Wakuu, salamu kutoka Bura, upande wa Fafi. Nawapa hii kama ilivyotokea, na sehemu inayoniaibisha sijaikata.

Mimi ni mtu wa chanjo za mifugo. Nina cheti tu, lakini huku kila anayeshika sindano ni daktari, nami sijawahi kukataa.

Mwaka jana kimeta kiliua ng'ombe wa majirani. Nikaenda na chanjo kwa Eeddo Halima, shangazi wa kila mtu hapa, mjane anayeishi kwa maziwa ya mbuzi.

Akanyooshea kidole chupa yangu, akauliza, "Daktari, ndani ya chuba iko nini?"

Nikamwambia ukweli: kimeta mwenyewe, tena hai.

Akasimama mbele ya mbuzi wake.

Nikaeleza. Bakteria wa kimeta ana jeni za kutengeneza sumu na jeni za kushona koti. Koti ndilo linalomkinga, mwili usimmeze. Huyu wa chanjo amepoteza jeni za koti. Mwili unammaliza, na unajifunza kupigana naye.

"Kumbe hana gaashaan," akasema. Yaani ngao.

Kozi nzima niliyosoma, mama kaimaliza kwa neno moja. Tukachanja wote, nikaondoka najiona profesa.

Sikumwambia kwamba huyo bakteria wa chanjo bado ana jeni za sumu, kwa hiyo shingo inaweza kuvimba. Wala kwamba antibiotiki huua chanjo kabla mwili haujajifunza.

Kesho yake mbuzi watatu wakavimba, wale wale wenye maziwa mengi. Akanunua antibiotiki dukani, tetrasaiklini, akawachoma hao watatu. Wengine akawaacha.

Wiki kadhaa baadaye akanipigia. Watatu wamekufa, damu puani. Hakuwachuna, amewazika. Wengine wote wazima.

Nikaenda, nikamweleza yote, kwa kuchelewa. Nilitegemea matusi, na ningeyastahili.

Akaniambia: "Wallahi, daktari, nilichoma ile mbuzi nabenda sana."

Iliniuma, na bado inauma.

Nilichojifunza: ukimweleza mtu sayansi, usiishie pale anapotabasamu. Siku hizi kabla sijafungua chupa naanza na uvimbe na dawa za dukani.

Jumatatu narudi kwake kwa chanjo ya mwaka huu. Kaniita mwenyewe, na hilo linanisumbua kuliko kama angenifukuza.

Waliowahi kumpa mtu ukweli nusu, semeni hapa: mliporudi, mlianza na neno gani?