Mwanangu Alipokatazwa Kusoma kwa Sauti

Kwenye chuo cha Kurani huku Kinole, mwanangu alikuwa anawashinda wote. Watoto walisoma pamoja kwa sauti, huku wanayumba, na aliyenyamaza ndiye aliyechapwa. Basi tukampeleka mjini, shule ya Wadachi, hao Wajerumani waliotutawala, akae kwa mjomba wake. Kule akachapwa kwa kusoma kwa sauti, tena wakamkalisha na watoto wadogo.

Nikateremka mjini mwenyewe. Mwalimu alikuwa kijana wa pwani, Mwislamu mwenzetu.

"Shikamoo mama. Huyu mwanao anasoma kama anafukuza nyani shambani!"

"Marahaba. Kwani wewe chuoni ulisoma umefumba mdomo?"

Akacheka. "Hapa atafumba, mama. Ndiyo amri."

Nilirudi nimefura. Mimi nilijifunza kusoma ukubwani, jioni nikitoka shamba, na bila sauti hakikuniingia kitu.

Jumapili mtoto alikuja nyumbani. Nikamwambia anisomee Yasini. Akautazama msahafu tu, midomo haisogei.

"Mbona sikusikii?"

"Nimeshamaliza, mama."

Nilitaka kulia. Nikaanza kusoma mimi, kwa nguvu, nikirudia kila aya mpaka naye akaifuata kwa sauti. Tangu hapo kila Jumapili ikawa hivyo, apende asipende.