Filimbi Ambayo Sikuipiga

Sikupiga filimbi. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na mengine nitazunguka, na nimechoka kuzunguka. Niliwaambia watu nilipiga, nikaapa kabisa. Sikupiga.

Mimi ni kibarua, naishi hapa Mpanda, nimesoma mpaka la saba. Tulikuwa tunajenga ghala la mpunga nje kidogo ya mji. Nilipata kazi hiyo pamoja na shemeji yangu Deo, mdogo wa mke wangu. Yeye alikuwa fundi wa mabati. Mimi nilikuwa mtu wa chini.

Kazi ya mtu wa chini inaonekana ndogo. Pale saiti kulikuwa na mashine ya kunyanyulia mafundi, ile ya vyuma vinavyofunguka kama mkasi, na juu yake kuna jukwaa lenye vizuizi pande zote. Fundi anapanda, anafunga mkanda, anajinyanyua mpaka usawa wa paa. Wewe unabaki chini na filimbi. Unazuia watu na magari kumkaribia, unaangalia ardhi isititie, na likitokea tatizo unabonyeza kitufe cha chini, unamshusha.

Waliotufundisha walisisitiza jambo moja: mtu wa chini haondoki. Hata ukibanwa na haja, kwanza mshushe aliye juu.

Nililijua hilo. Sisemi sikujua.

Sasa, kwetu mwanaume hakutani uso kwa uso na mama mkwe. Ukimwona njiani unampisha, hata kama ni kuingia porini, mpaka apite. Siyo chuki, ni heshima. Binti yake nimemwoa siku nyingi, lakini sauti ya mama naijua kuliko sura yake. Vijana wa siku hizi wanaona ni ushamba. Mimi nililelewa hivyo.

Siku ile mama alikuwa amekuja kututembelea kutoka Majimoto, ametuletea mchele. Akapika, akaona ampelekee mwanawe chakula kazini. Hakuna aliyeniambia. Deo ndiye aliyemwona kwanza, maana alikuwa juu. Na Deo alipenda kunitania, mashemeji ndivyo walivyo.

"Shemeji, mkweo huyo getini. Tafuta shimo uingie."

Akacheka, na mafundi wengine wakacheka. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

Niligeuka nikamwona mama anakuja, sahani zimefungwa kwa kitambaa, amezibeba kichwani. Pembeni kulikuwa na rundo la tofali. Nikaenda kujibanza nyuma ya rundo hilo, filimbi inaning'inia shingoni. Nilijiambia atampa chakula, ataondoka, nitarudi. Deo sikumshusha. Mashine ile inashuka polepole, na mama angenikuta nimesimama pale pale. Nilichagua aibu isinipate.

Ndipo tipa la kokoto likaingia kinyumenyume. Dereva wake, baba mmoja wa Katumba, tulikuwa tumezoeana. Siku zote alirudi nyuma kwa kusikiliza filimbi yangu. Isipolia, maana yake njia iko wazi. Haikulia. Akaendelea kurudi.

Nilisikia chuma kinagonga chuma. Hata siyo kwa nguvu. Mashine ikiwa imenyanyuka vile haihitaji kugongwa kwa nguvu. Ikaanguka na Deo, mkanda umefungwa vizuri. Yeye alifanya kila kitu alichofundishwa.

Nilipotoka nyuma ya tofali, mama alikuwa ameshafika. Alikuwa amepiga magoti karibu na mwanawe, na zile sahani bado ziko kichwani, amezishika kwa mkono mmoja. Hakukumbuka kuzitua.

Msimamizi akaniuliza kilichotokea. Nikasema, "Nilipiga filimbi, dereva hakusikia." Neno hilo lilitoka lenyewe, na likishatoka halirudi.

Dereva naye akaulizwa. Akajibu ukweli wake, kwamba yeye hakusikia filimbi. Watu wakasema mnaona, anakubali mwenyewe. Kila aliporudia ukweli, ndivyo alivyozidi kujifunga. Wakampeleka kituoni.

Tulimzika Deo Majimoto. Nilikaa nje na wanaume, sikula. Mama akatuma mtu aniambie asante, kwamba nilijitahidi kumwokoa mwanawe kwa ile filimbi. Niliipokea asante hiyo. Mungu anisamehe, niliipokea.

Kisha akaja mke wa dereva, mtoto mgongoni, kuomba radhi kwa niaba ya mume wake. Ndugu wakamwambia aondoke. Alipita mbele yangu akanisalimia kwa heshima. Mwanamke yule hakuwa amenikosea kitu.

Matanga yalipoisha nikaenda kituoni nikasema. Nikaenda kwa msimamizi, nako nikasema. Dereva walimwachia, ila kazi hakurudishiwa. Mimi sina kazi, na kituoni bado naitwa. Nilimfuata dereva kwake Katumba. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunitukana, akaingia ndani akafunga mlango taratibu.

Akabaki mama. Nikaomba kukaa naye, jambo ambalo kwetu halifanyiki, ila wazee wakaruhusu. Mke wangu akakaa katikati yetu. Nilisema yote nikiangalia mkeka. Nilitegemea kulaaniwa. Labda ningelaaniwa ningepumzika.

Mama akauliza, "Kumbe ulikuwa unanipisha mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Laiti nisingekuja na chakula," akasema.

Nilienda pale kutua mzigo wangu, nikamtwisha yeye. Jamani, yule mama hana kosa. Nimemtumia ujumbe mara nyingi kumwambia hana kosa. Mpanda haji tena. Nikienda Majimoto, akisikia sauti yangu uani, anatokea mlango wa nyuma anaelekea mashambani mpaka niondoke. Ni yeye sasa anayenipisha, na siyo kwa heshima.

Mke wangu bado ananipikia. Mchele wa Majimoto hapiki tena nyumbani kwetu, na mimi siulizi.

Nyie mnaosimama chini ya hizi mashine, nawaomba. Atakuja mkwe, atakuja bosi, atakuja rafiki na soga zake. Simama hapo ulipo, filimbi mdomoni, hata kama unaona aibu. Radhi utaomba jioni na watakuelewa. Na kama kweli huwezi kuvumilia, mshushe kwanza aliye juu. Akishakanyaga ardhi, nenda kajifiche unavyotaka.